Chenga za Masoud

Jumatatu, 4 Agosti

Alasiri. Nimesali, nimekunywa kahawa, nimewasha televisheni. Stesheni hakuna. Haijapata stesheni tangu mitambo ya zamani ilipozimwa nchi nzima. Ni chenga tupu, zile nukta nyeupe na nyeusi zinazochemka kwenye kioo, na mvumo wake ule ule. Nimekaa nazo mpaka adhana ya magharibi.

Ndivyo tulivyokuwa tukikaa, mimi na mume wangu Masoud. Yeye kitini, mimi mkekani na madaftari ya wanafunzi. Ilianza kwa mzaha. Siku matangazo yalipokatwa alikuwa katikati ya mpira, akaikasirikia serikali, akanikasirikia na mimi. Nikamwambia asikasirike, katika chenga hizo zimo chache ambazo ni nuru ya kale kuliko nyota zote. Ulimwengu ulipokuwa mchanga ulikuwa moto mtupu, na nuru haikuwa na njia ya kupita. Ulipopoa, ikafunguliwa njia, ikaanza safari, na hata leo haijatua. Ulimwengu unatanuka nayo inatanuka. Mawimbi yake yamerefuka mpaka macho hayayaoni tena, yamekuwa maikrowevu. Antena inayadaka kidogo.

Akaniambia yeye ni karani wa bandari, hapokei mzigo usio na karatasi. Kesho yake akapanda juu ya paa na vifuniko viwili vya sufuria zangu, akaunda antena. Sufuria zile hazijapata vifuniko tena.

Alikuwa akisinzia mbele yake. Nikipunguza sauti tu, atasema bila kufumbua macho, "Nnaangalia." Katika miaka yote hiyo hakukiri hata siku moja kwamba alilala.

Kitufe cha sauti kiling'oka zamani. Alipachika kizibo chekundu cha chupa ya dawa ya kikohozi. Leo nimekizungusha polepole, nikijua kabisa kwamba hakuna atakayesema kitu.

Wifi yangu kapita mara tatu mbele ya kioo na ufagio. Bi Miza akitaka kusema hufagia.

Jumatano, 6 Agosti

Eda inaendelea. Miezi minne na siku kumi, sheria iko wazi na sina ugomvi nayo. Sitoki. Sijitii manukato. Akija mwanamume asiye maharimu wangu naingia chumbani, mlango unafungwa. Kwa mtu aliyezoea kusimama mbele ya darasa, hilo la mlango ndilo gumu.

Bi Miza ameacha mwani wake Matemwe akaja kukaa nami. Ni dada mkubwa wa Masoud. Mikono yake imepasuka kwa maji ya chumvi, na usiku huipaka mafuta ya nazi akidhani sioni. Bamvua la mwezi mpevu hili hapa, maji yanakupwa mbali, ndio wakati wa kuvuna, nalo litampita akiwa jikoni kwangu. Hajalitaja. Nataka kumshukuru na sijui pa kuanzia, maana hatukupata kuwa karibu. Yeye alitaka kaka yake aoe Matemwe. Kaka yake akaoa mwalimu wa fizikia wa mjini, asiyejua kufunga kamba ya mwani.

Bi Jyoti, jirani wa dirisha la mkabala, kaniletea dengu na chapati. Kuleta si kuleta, ananyoosha mkono tu, maana uchochoro wetu ni mwembamba. Hali nyama kwa dini yake na mimi simpelekei, lakini nikipata maembe mazuri nusu ni yake. Tangu msiba bakuli lake halijakosa kuvuka. Nimeshukuru sana leo. Dengu zilikuwa na chumvi nyingi, na nimeshukuru hivyo hivyo.

Shemeji Haji, mdogo wake Masoud, kampigia simu dada yake. Wamenong'ona muda mrefu.

Alhamisi, 7 Agosti

Siwezi kuandika vizuri.

Haji alikuja baada ya adhuhuri na mafundi wawili. Nikaingia chumbani, mlango ukafungwa. Nikasikia nyundo, nikasikia kitu kizito kinaburutwa. Nikadhani wanatengeneza dirisha la ukumbini, lile lililolegea bawaba tangu masika. Nikamshukuru kimoyomoyo. Nikaendelea kusahihisha madaftari ninayoletewa kutoka shuleni.

Nilipotoka, ukutani kuna televisheni mpya, bapa, nyembamba kama sinia. Msomaji anasoma Yasin kwa sauti safi. Mezani, palipokuwa na televisheni yetu ya chogo, pamebaki mraba usio na vumbi. Waya wa antena ya Masoud unaning'inia dirishani, haukushika kitu.

Haji alisemea kutoka ngazini, nyuma ya mlango. "Shemeji, usitushukuru. Ile bovu nshaitoa. Ilikuwa inakuliza tu."

Nikasema Mungu amlipe heri. Ningesema nini? Kijana ametumia fedha zake, ametoka jasho, amekusudia wema. Nimerudi chumbani kwa hiari yangu, nikafunga mlango mwenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti

Nina hasira. Nimesali nayo na imebaki.

Nilichomoa waya wa king'amuzi nyuma ya hiyo mpya, nikitaraji chenga. Kioo kikageuka buluu, kikaandika kwamba hakuna mawimbi. Uongo mtupu. Mawimbi yapo, yamejaa chumba hiki, yananipita mwilini ninapoandika. Wametengeneza kifaa kinachofunika kila kisichokielewa.

Nimempigia Haji. Ile yetu kampa mnunuzi wa vyuma chakavu wa Mlandege, nyuma ya maduka. Huyo huzivunja, hutoa shaba, mabaki hupakiwa kwenda Dar. Nikamwomba akaifuate. Akacheka kwa upole kabisa, akaniambia, "Pumzika, shemeji." Ameshavuka kwenda Pemba kwa kazi yake na harudi mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo itakuwa imeshakuwa shaba.

Mlandege si mbali. Darajani, unavuka, umefika. Kwa miguu yangu ningeshakwenda na kurudi. Najua mkalia eda huruhusiwa kutoka mchana akiwa na haja. Nimejiuliza asubuhi nzima kama televisheni bovu ni haja. Ningemwuliza nani? Shehe gani nitamweleza kwamba namtaka mume wangu, na mahali pekee ninapompata ni kwenye kelele?

Sikutoka. Nimempa Masoud heshima zake zote, sitaki kumpunguzia hii kwa ajili ya kasha.

Bi Miza alikuwa mlangoni mwa jiko anapepeta mchele. Nikampita, nikarudi chumbani.

Jumamosi, 9 Agosti

Wasichana wangu wa kidato cha sita wamekuja. Niliwaahidi somo hili kabla ya msiba, na mwalimu anayenishikia nafasi hakulifikia. Wamekaa mkekani, viatu vimejaa ngazi nzima. Wameleta sukari, majani ya chai na mkungu wa ndizi. Nimefurahi mpaka nikaona haya.

Somo, mnururisho wa usuli wa ulimwengu. Yaani ile nuru inayobaki ukishaondoa nyota zote unazoweza kuzitaja.

Nikaanza na masikio. Nikawaambia wanyamaze, wasikilize dirishani. Mwanzo wakasema hawasikii kitu, ni kelele za mji tu. Nikasema hizo kelele za mji ndizo ninazozitaka, wazitenganishe. Ule mvumo mnene ni jenereta ya hoteli. Ule unaopanda na kushuka ni wazee wa barazani wanabishana mpira. Ule mwembamba ni cherehani ya fundi wa chini. Zimechanganyika zikawa kitu kimoja, lakini kila moja ina kwao.

Mbingu ni hivyo hivyo. Kwenye maikrowevu, ule mng'ao unaofanana kila upande ni moto wa mwanzo uliopoa. Kwenye mawimbi ya joto, infraredi, ni vumbi la galaksi lililopashwa na nyota kisha likatoa joto lake. Niliwaambia waguse ukuta. Jua limeshapinda na jiwe bado lina moto. Kwenye nuru ya macho ni mwanga wa nyota wa galaksi zote, pamoja na zile zisizohesabika, hafifu mno. Kwenye eksirei ni gesi inayoangukia mashimo meusi makubwa, inasuguana, inawaka kabla haijamezwa. Kwenye gama, sehemu kubwa hudhaniwa ni galaksi zenye mashimo hayo hayo, zinazorusha mchirizi wa nguvu kuelekea upande wetu. Nyingine hatujui. Nikaandika ubaoni hatujui, nikapiga mstari chini yake. Napenda kuwafundisha neno hilo.

Nassra akauliza swali nililokuwa nalisubiri. "Mwalimu, hiyo ya mwanzo, kama inatoka kila upande, ilianzia wapi?"

Hapa. Nikamwambia hapa, ukumbini. Na Matemwe, na Makka, na kila mahali pengine, maana wakati ule mahali pote palikuwa moto. Hii inayotufikia leo ilitoka mbali sana, na iliyotoka hapa inawafikia walio mbali sana leo, kama wapo.

Kisha mmoja akauliza, kwa adabu tu, televisheni ya chenga iko wapi, mbona niliwaahidi wataiona. Nikasema imetolewa. Nikataka kuendelea na somo. Nikajikuta nawaeleza habari ya vifuniko vya sufuria, na kizibo, na ile "nnaangalia" yake. Wakacheka. Nikacheka. Halafu sauti ikanikatika mbele yao.

Kule jikoni uteo wa Bi Miza wa kupepetea mchele ulikuwa umenyamaza. Sijui tangu saa ngapi.

Jumapili, 10 Agosti

Bi Miza kaniambia asubuhi, akiwa amenipa mgongo, anakoroga uji.

"Mie ndo nlomwambia Haji aiondoe."

Nikashika mlango wa jiko.

"Nliona kila alasiri unakikalia kitu kibovu, nacho kinalia, nawe unalia. Nkajua kinakutesa. Sikujua kuwa mlikuwa mnaangalia kitu."

Nikamwambia angeuliza. Nilisema kwa ukali, na uji ulikuwa wa kwangu mimi.

"Nkuulize vipi? Mambo yako na kaka yangu hujapata kunambia hata moja. Jana nimeyasikia kwa kuwa waliuliza watoto wa watu."

Kweli. Imeniuma na ni kweli. Mambo ya kaka yake nilikuwa nayo peke yangu, na yeye ndiye aliyemfundisha kutembea.

Uji tumekunywa mpaka mwisho. Mchana wote televisheni mpya imezimwa. Sikuizima mimi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilipotoka kuoga nimekuta buibui la Bi Miza halipo msumarini.

Nikajua kakwenda kuitafuta televisheni, na Mlandege haijui. Huja mjini kwa misiba na harusi, na huziogopa gari. Simu yake kaiacha juu ya friji. Adhuhuri hajarudi. Nimesali nimekosea rakaa, nikarudia. Nikamwita Bi Jyoti dirishani, akasema atamtuma mtu wa dukani kwake akamtazame. Alasiri hajarudi. Hasira yote imekwisha, imebaki hofu, na katika hofu nikagundua kitu cha ajabu. Sikuwa nikiiwaza televisheni hata kidogo. Nilikuwa nikiomba, ya Rabbi, nirudishie wifi yangu.

Karudi jua linapunga. Buibui limejaa vumbi la kutu. Kakaa kwenye kiti cha Masoud, ambacho hakuna aliyekikalia tangu afe, kwa kuwa miguu haikumwezesha kufika kingine.

Amezunguka Mlandege yote. Kaingia kila uwanja wa vyuma akiuliza televisheni yenye kizibo chekundu. Wengine walimcheka. Mmoja akamwambia atazame mwenyewe. Akatazama, akainama kwenye lundo kwa mikono ile iliyopasuka, mpaka akakuta kasha la mbao limepasuliwa, kioo hakipo, matumbo hayapo. Imeshavunjwa.

Akafungua kiganja. Kizibo chekundu.

"Nimechelewa, wifi. Nisamehe."

Nimemshika mikono yote miwili. Nimelia na yeye akalia. Hajapata kulia mbele yangu tangu mazishi. Tulikuwa tunamlilia mtu mmoja, kila mtu chumbani kwake, nyumba moja.

Baadaye nikayapasha moto mafuta ya nazi, nikampaka mikono mwenyewe. Akaniachia.

Jumanne, 12 Agosti

Leo nimecheka. Naandika nisije nikasahau kuwa nimecheka.

Bi Jyoti alisikia habari yote kupitia dirishani, kama anavyosikia kila kitu. Asubuhi kaita. "Bi Miza! Njoo unisaidie, mie magoti yangu mabovu." Ana televisheni ya chogo stoo kwake, ilikuwa ya marehemu baba yake, imefunikwa kitambaa miaka na miaka. Hakuitupa. Anasema kila Divali huifuta vumbi na kuirudisha, hajui kwa nini.

Nikawaambia wasubiri, tumwite kijana wa dukani aibebe. Bi Miza akakataa kabisa.

"Akija mwanamume utaingizwa chumbani tena. Safari hii tutakuta wameondoa na kitanda."

Basi wakaibeba wenyewe. Mmoja magoti mabovu, mwingine kizee wa mwani, televisheni imefungwa kwenye kanga katikati yao. Nilikuwa juu ya ngazi natazama, siwezi kushuka uchochoroni, naweza kuelekeza tu. Kushoto. Taratibu, Bi Jyoti. Ngazi zetu zinajulikana, hata wachukuzi huzinung'unikia. Kila kituo walikaa, wakasema maneno ya Kihindi na ya Kimatemwe ambayo sitayaandika. Walipofika juu wote watatu tulikuwa hoi, na mimi sikubeba kitu.

Tuliiweka kwenye ule mraba. Nikauvuta waya wa antena kutoka dirishani, nikauchomeka. Nilikuwa naogopa. Nilikwishajiambia si yake, haitakuwa sawa, na niliandaa uso wa shukrani ili nisiwavunje moyo.

Ikakaa kimya. Ikanuka vumbi linaloungua. Kisha ule mvumo ukaja, na chenga zikajaa kioo.

Zile zile.

Bila shaka ni zile zile. Nimelifundisha jambo hili miaka mingi na wiki hii yote nikalisahau. Nuru ile haikuwa ya kasha lile. Haikuwa yetu. Inaingia kila nyumba sawasawa, ya mwenye eda na ya mwenye harusi, na ukiifungulia mlango wowote inaingia. Masoud alikuwa ameifungulia mlango kwa vifuniko vya sufuria, na mlango wake bado upo juu ya paa, haukuguswa.

Kizibo chekundu hakiingii. Hii ina vitufe vya kubonyeza. Nimekiweka juu yake, kikae tu.

Bi Miza alisogea karibu sana na kioo. "Zipi hizo za kale?"

Nikamwambia ukweli. Nyingi ni kelele za kifaa chenyewe, na za mota na simu za mji. Za mwanzo ni chache, labda moja katika mia, na hakuna awezaye kuzionyesha kwa kidole. Zimechanganyika.

Akazitazama kwa muda, kwa jicho lile lile analotazamia mchele.

"Basi nisichambue," akasema.

Bi Jyoti akaomba chai. Tumekunywa chai watatu mbele ya chenga, na sukari ya wanafunzi wangu. Nimemshukuru Mungu kwa mpangilio, kwa majina. Jina la Haji pia. Ile mpya ukutani tutaitumia kwa Yasin na taarifa ya habari, haina kosa.

Alhamisi, 21 Agosti

Kesho Bi Miza anakwenda Matemwe. Bamvua la mwezi mwandamo linaingia, na safari hii nimemwambia mimi mwenyewe aende, mwani haungoji. Atarudi maji yakifa, bamvua likishapita. Ameahidi, na mkoba wake mkubwa kauacha chini ya kitanda changu.

Siku hizi tunazungumza. Kanieleza Masoud alivyokuwa akiogopa pweza. Sikuwa najua. Miaka yote hiyo alikuwa akiniambia hapendi ladha yake tu. Mimi nimempa ya bandarini na ya mpira. Yangu yamemchekesha, ya kwake yamenichekesha zaidi.

Leo nimechelewa kidogo kwenye mkeka wa sala. Nilipotoka ukumbini nimekuta televisheni imeshawashwa. Bi Miza yuko kwenye kiti, kichwa kimeangukia bega la kushoto, mdomo wazi, mkono mmoja juu ya tumbo. Nimesimama mlangoni. Bega lile lile la Masoud. Mkono ule ule. Nimeishi na wifi yangu miezi hii yote na sikuwa nimeliona.

Nikaenda kwa ncha za vidole nikapunguza sauti, nisije nikamwamsha.

"Nnaangalia," akasema, bila kufumbua macho.

Nikairudisha. Nikakaa mkekani na madaftari yangu.